Korongo wa Bibi Pang

Jirani yangu Ruan Suqin anaishi kwa ndege, ingawa hafugi hata kuku mmoja. Anawachora. Maharusi humjia wapate bata dume na jike, wenye uchu wa cheo hutaka tausi, na wazee huchorewa korongo, maana korongo ni umri mrefu. Mji mzima unamsifu isipokuwa mama mkwe wake, Bibi Pang, ambaye tangu Suqin aolewe hajamwambia neno jema hata moja. Kwake wali wa Suqin ni mbichi, chai yake ni maji ya kuoshea miguu.

Bibi alipotimiza miaka themanini, Suqin aliapa kulipata neno hilo, hata kwa kulinyofoa. Akamchorea korongo akipaa juu ya msonobari, picha ya ukuta wa chumbani kwa Bibi, ambako kichwa cha ndege kingeelekea mashariki. Nilipomwona ndege yule nilitokwa na machozi, nami si mtu wa kulia ovyo.

Shida ni Dehai, mume wake. Mtu mwema, lakini mikono yake hutangulia akili. Aliona ni haramu picha kama ile ifichwe chumbani, akaitundika sebuleni. Siku ya sherehe, wageni tulikuwa tunavuta tambi ndefu za kumtakia Bibi umri mrefu pale alipoinua macho.

"Ndege yule anaelekea wapi?" akauliza.

Sote tuliona: magharibi. Na kwetu mtu akifa, kwa adabu tunasema amepanda korongo kwenda magharibi.

"Kumbe usafiri wangu umeshafika!" akasema Bibi. "Mkwe wangu, hata tambi hukuniacha nimalize?"

"Mama, naapa si mimi! Ni mwanao huyu!"

"Dehai! Kwa nini ukutani pale?"

"Msumari ulikuwepo tayari, Mama."

Suqin akaangua kilio mbele za watu. "Watu baki nawachorea baraka, wewe nakuletea mkosi!" Nilitamani kumtwanga Dehai kwa nyundo yake mwenyewe.

Bibi akajiinua. "Nileteeni wino."

Maishani mwake hakuwahi kushika brashi. Akapanda kiti, Dehai kamshika kiuno, akachora kamba nene kutoka mguu wa korongo hadi kwenye shina la msonobari, na fundo lake lilikuwa kubwa kama andazi. Wino ukamchuruzika hadi kwenye kiwiko.

"Haya, na apae sasa!"

Picha iliharibika kabisa. Suqin alibaki kakodoa macho, hajui alie au acheke. Bibi akashushwa, akamvuta mkono, akamkalisha kando yake, mahali ambapo hakuwahi kukaa.

"Futa kamasi. Ndege wako ni mzuri," akasema. "Mzuri hata mtu akatamani kumpanda. Ndiyo maana nimemfunga."