Boti Yangu Nyuma ya Suti

Ipo siku moja sijaisahau hadi leo, mwanangu: siku niliyokaribia kuiua karakana yangu kwa sababu ya suti.

Ilikuwa miaka ya tisini, biashara imefunguliwa, viwanda vya samaki vinaota ufukweni Mwanza. Mimi niliishia darasa la nne, lakini boti nilizounda pale Kirumba zilikuwa hazivuji, na sikuona haya kulisema. Kiwanda kimoja kikataka boti sita za kukusanyia samaki visiwani. Meneja akaniambia wakubwa wako Dar, hawaji kuona. Nilete picha, bahasha inaondoka Ijumaa. Mafundi wangu wanne walikuwa hawana kazi tangu masika. Nikiikosa ile, nafunga.

Binamu yangu alikuwa na kamera. Ya nini nihangaike na mpiga picha? Nikavaa suti yangu ya harusi, nikapanda boti niliyomuundia Mzee Magesa kabla ya masika, nikakunja mikono. Alhamisi asubuhi nikaipeleka picha kifua mbele.

Meneja akaigeuza mara mbili. "Suti naiona, fundi. Na hawa bata nyuma nawaona. Boti iko wapi?"

Akanipa mpaka kesho yake saa nne. Nami nilijua boti yenyewe inaondoka mchana uleule kwenda Nansio, kisiwani, na sikuwa na nyingine.

Nikakimbilia studio ya Mzee Bwire, Mjita mmoja mkimya aliyezeeka na kamera shingoni. Shikamoo yangu ilitoka nahema, nikamwekea ile picha ya suti mezani. Akaitikia marahaba, akaendelea kufuta lenzi taratibu hadi nikatamani kumnyang'anya.

Tulipofika ufukweni, Magesa alikuwa anapakia. Bwire akaniambia nivue koti, niingie majini, niisugue boti. Nikasugua. Kisha akakaa juu ya jiwe, eti anangoja wingu lipite. Magesa anafoka, injini inanguruma, jasho linanitoka.

"Mzee, piga tu," nikamsihi.

"Umejipiga picha kama bwana harusi," akasema bila kuniangalia. "Watu wa Dar hawaji kukuoa. Wanataka kujua kama samaki wao watafika."

Nikarudi kusugua.

Wingu likasogea. Akaipiga picha boti nzima ikielea. Akapiga vijana wa Magesa wakipanga makreti ndani. Halafu akapiga magoti kwenye maji, akasogeza kamera kwenye maungio ya mbao, karibu kabisa. Alipoinuka tu, Magesa akafungua kamba, boti ikaondoka.

Ijumaa, meneja alipofika kwenye picha ya maungio alipitisha kidole juu yake, akatia zote katika bahasha. Boti sita nikapewa. Baadaye nikaambiwa ni maungio yale yaliyowashawishi.

Mwanangu, leo una simu yenye kamera na unadhani inatosha. Haitoshi. Mteja asiyekujua anakutana na picha yako kabla ya kukutana na kazi yako, na picha mbaya inaisema vibaya kazi nzuri. Mtafute anayeijua kazi ya kupiga picha, mlipe, mtii akikuambia sugua au ngoja. Na wewe kaa pembeni, kazi ionekane.

Mungu akupe mikono isiyochoka na wateja wanaorudi. Ile picha ya suti bado iko ukutani kwangu. Haijaleta mteja hata mmoja.