Nilifunika Tarehe ya Chanjo ya Mbwa Yangu

Ndugu zangu, makosa ni yangu. Musitafute mutu mwingine. Niko naandika hii nimechoka, nimechoka mupaka kwa mifupa.

Niko mushonaji hapa Bunia. Nilikuwa na kambwa kadogo keupe, ka manyoya marefu, jina yake Bijou. Muzungu mumoja nilikuwa namufulia nguo aliniachia kale kambwa wakati alirudi kwao. Ilikuwa ndogo sawa paka, lakini roho ya simba! Ilifukuza pikipiki, ilitisha mbuzi, ilibwekea mbwa kubwa za avenyi, ile barabara yetu, mupaka zinaondoka. Mimi nilicheka tu.

Muzungu aliniachia pia kitabu ya chanjo. Chanjo ya mwisho ilikuwa ya zamani sana. Veterineri, munganga wa wanyama, alipita kwa kartie yetu, mutaa yetu, mara mbili, akiita watu walete mbwa. Sikuenda. Nilisema, "Ile ni mambo ya mbwa za inje. Ya kwangu inalala kwa kitanda." Kiburi ile!

Jirani yangu ni Mama Neema, alikimbia vita kule upande wa Kpandroma. Siye tulikuwa sawa ndugu. Nikikosa chumvi, iko kwake. Neema, mutoto yake wa miaka sita, alishinda kwangu akiokota vipande vya kitambaa chini ya mashini.

Siku moja aliinama kuokota, Bijou imelala pale. Ikamuuma mukono. Damu!

Mama yake akakuja mbio.

"Dada, mbwa yako iko na chanjo?"

"Iko nayo."

"Kweli?"

Nikatoa kitabu, nikamuonyesha muhuri. Kidole gumba yangu ilifunika tarehe. Mungu wangu! Hata hakusoma. Aliangalia uso yangu, si karatasi.

"Kama weye umesema, basi."

Tukaosha kidonda na sabuni, akarudi na mutoto nyumbani. Niliogopa wataua mbwa yangu. Ndiyo hiyo tu, sina sababu ingine.

Siku ya ine Bijou ilikataa chakula, ikajificha chini ya kitanda. Sauti ikabadilika, ikakwama kwa koo. Mate ikaanza kutiririka. Nilijua ni kichaa ya mbwa! Nilijua, na bado nikanyamaza siku mbili, niko nashona robe za watu, miguu iko kwa mashini, roho iko kwa jirani. Kila mara Neema akicheka inje, nilishukuru anacheka bado.

Siku ya sita asubui nikaenda. Mama Neema alikuwa natwanga sombe, majani ya muhogo.

"Nilikudanganya," nikasema. "Chanjo ilipita zamani. Mbwa iko mugonjwa."

Aliweka mutwangio chini pole pole. Nilingojea anipige. Hakunipiga.

"Watu wa mapanga nilisikia wakikuja, nikakimbia," akasema. "Lakini panga ya kwako, dada, sikuisikia ikikuja."

Akabeba Neema mugongoni, akasimamisha pikipiki.

Kule hopitali walimupiga sindano, wakamuambia arudi tena, na tena. Na mimi pia, sababu mbwa ile ilikuwa nanilamba mikono kila siku. Bijou ilikufa kesho yake. Neema iko muzima, aksanti kwa Mungu. Lakini munganga alituambia, "Kama mungengoja mupaka ugonjwa uonekane kwa mutoto, hatungemuponyesha." Ile neno niko natembea nayo.

Mama Neema ananisalimia. "Jambo, jirani." Si dada tena. Neema akipita kwa mulango yangu, mama yake anamushika mukono. Sikasiriki. Ningekuwa yeye, ningefanya vile.

Weye uko na mbwa ya kubeba kwa mikono, usidanganyike na udogo yake. Peleka kwa chanjo. Na kama imeuma mutoto ya mutu, sema kweli saa ile ile, hata waue mbwa, hata wakuchukie! Mutoto aende hopitali kwanza, aibu itafuata nyuma.

Mimi nilichukua siku sita. Hazikuwa zangu. Zilikuwa za mutoto ya mutu.