Toba ya Bibi Kabatini

Juzi nilikwenda Buffalo kumsalimia mjomba, kaka yake mama. Siku hizi anakaa North Buffalo, kwenye nyumba ya ngazi za mbao na baridi ya kumgombanisha mtu na Mungu wake. Nilipofungua kabati la ukutani nitundike koti, harufu ikanipiga usoni: dawa ya nondo, sufu iliyolowa ikakaukia humohumo, mabuti ya theluji. Nikabaki nimesimama na koti mkononi mpaka mjomba akauliza, "Umepotea humo?" Nilikuwa nimerudi Louisville, mtoto wa miaka kumi, namsikiliza Bibi akitubu.

Kama hukulelewa na watu wa uamsho, ngoja nikueleze. Sisi ni Warundi, ila mimi nilizaliwa kambini, Kigoma. Kule kambini Bibi alikuwa wa lile kundi la wasiolala na dhambi moyoni. Ukimsengenya mwenzako bombani, jioni unasimama mbele ya kundi unalitaja neno lako, na huyo uliyemsengenya ameketi palepale anakutazama. Kisha mnakumbatiana, mnaimba, mnakwenda kula. Kumwambia Mungu peke yake hakukutosha. Bibi alikuwa akisema, "Uliyemkosea unamfuata kwa miguu, unamtazama usoni. Kwenye simu mtu anaweza kulia huku anacheka."

Amerika tulifikia Louisville, miaka ile ya 2014, 2015 hivi, mimi, mama, mdogo wangu na Bibi. Mama alipata kazi ya kufunga maboksi ghalani, shifti ya usiku, kwa hiyo alfajiri ilikuwa ya Bibi. Aliamka kabla ya mwanga, akapiga magoti sebuleni na kuomba kwa sauti ileile ya kambini. Weee! Jirani akagonga ukuta. Kesho yake akagonga tena, na mwisho msimamizi wa apatimenti akaja na onyo lake. Bibi hakubishana naye. Alisema Yesu mwenyewe alituambia tuingie ndani tufunge mlango, akalipima kabati la chumbani kwetu kwa macho, akasukuma mabuti pembeni na kutandika kitenge chini. Godoro langu lilikuwa pembeni ya mlango wa kabati hilo.

Basi kila alfajiri namsikia humo katikati ya makoti. Alianza na madogo. Amemfokea mdogo wangu kwa kumjibu Kiingereza. Ameficha andazi la mwisho. Ameitamani sufuria ya mama wa Kikongo wa ghorofa ya chini, sufuria ya watu! Mimi chini ya blanketi nabana mbavu nisicheke. Halafu sauti inashuka, na yanakuja maneno yaleyale, hayabadiliki: "Bwana, mdomo wangu huu ulimfungia mwanangu kaburi langu. Nisamehe. Nipe siku nimwone usoni, nimfungulie." Hapo kicheko kilikuwa kinaniisha.

Akitoka anakuwa na alama za zulia magotini na uzi wa sufu kwenye kilemba. Anabandika chai ya maziwa, anaponda tangawizi kwa kitako cha kikombe, anatuamsha kama vile hatujaamka. Mama anaingia kutoka kazini, miguu imevimba, anakunywa chai akisinzia. Sisi tunakimbilia basi la shule.

Hilo la kaburi alinieleza mama, siku moja tukikunja nguo. Mjomba alipata safari ya kuja Amerika wakati babu yuko kitandani anakata roho. Safari ile ukiikosa, faili lako linarudi mwanzo, na hujui kama litaamka tena. Mjomba akachagua kuondoka. Pale kwenye basi, mbele ya watu, Bibi akamwambia, "Unamwacha baba yako hivi? Basi na mimi nikifa, mkono wako usitie udongo kwenye kaburi langu." Babu akafariki mjomba akiwa bado njiani. Kwetu neno la mzazi kama hilo si la kuchezea, jamani. Linakaa juu ya mtu.

Na mjomba alipiga simu kila Jumapili! Wakati huo alikuwa Lower West Side, hukohuko Buffalo, anafanya kazi kiwandani. Bibi alikuwa akipokea, anauliza, "Umekula? Kuna theluji?" halafu anampa mama simu haraka kama sufuria ya moto. Mama alimsihi, "Mama, mwambie basi, simu ndiyo hiyo." Bibi akatikisa kichwa. Alikuwa anangoja miguu yake ifike. Kule upande wa pili mjomba alisikia tu mama yake asiyetaka kuongea naye, na sisi tukangoja mama apate gari na likizo.

Gari lilipatikana, likizo ikaja, majira ya kuchipua, tukaianza safari ya kwa mjomba. Usiku wa kwanza tulilala Columbus, kwa dada mmoja wa imani aliyekuwa na Bibi kambini. Sijawahi kumwona Bibi na furaha ile. Alikula ugali na dagaa, akaimba, na kabla ya kulala akamtubia mwenyeji kwamba tangu aingie ameyaonea wivu mapazia yake. Tulicheka mpaka machozi. Viatu vyake akavipanga mlangoni, tayari kwa Buffalo.

Asubuhi nilijua kabla ya wengine, kwa sababu palikuwa kimya. Bibi alikuwa amelala ubavu, mkono chini ya shavu, wa baridi. Nililia nikiwa na hasira, we acha tu. Nilimkasirikia Mungu aliyeombwa siku moja tu akashindwa kuitoa.

Kumsafirisha kulituzidi, tukamzika hukohuko Columbus. Mjomba alikuja akiendesha bila kupumzika. Makaburini wanaume wa kanisa waliomba wafukie wenyewe kwa koleo, na kila ndugu akaitwa kutia udongo. Mchungaji alipoita, "Mwana wa marehemu," mjomba alibaki kule kwenye magari, mikono mifukoni. Watu wakanong'ona. Mimi niliielewa ile mikono, nikamfuata.

"Mjomba, Bibi alilitubia lile neno. Kila siku, kabatini. Nilikuwa namsikia."

"Nani kakutuma useme hivyo?"

"Hakuna. Nalala pale mlangoni."

"Alisemaje?"

Nikamwambia yote, neno kwa neno, na sauti nikaishusha pale alipokuwa akiishusha yeye. Mjomba akasema, "Kwa hiyo Mungu aliambiwa kila siku. Mimi nilikuwa kwenye simu, hata mara moja hakuniambia."

Akatoa mikono mifukoni. Lakini watu walikuwa wameshamaliza, kaburi limesawazishwa, maua yamewekwa, udongo wa kutia haupo. Mjomba akaokota koleo moja, akakwangua kwa kucha tope lililogandia kwenye chuma, na hilo ndilo alilomtilia mama yake.

Siku hizi kwetu hakuna anayetubu kwa sauti. Mama anaombea ndani ya gari akienda kazini, mjomba sijui kama anaomba, na mimi naomba kimoyomoyo, midomo imefungwa, kistaarabu kabisa, hakuna jirani wa kugonga ukuta. Nina watu niliowakosea, na miguu haijanipeleka kwao. Nikifa kesho, sijui nani atawaambia. Mdogo wangu analala chumba cha pili, mlango kaufunga, masikio kayaziba kwa muziki.