Waya wa Volti Tano

Mji wote wa Kasongo, gari likikosa taa au likikataa kuwaka, jibu lilikuwa moja: lipelekwe kwa Bulaimu, pale karibu na soko. Na yeye alijua hivyo, tena alijua kupita kiasi. Ukimuuliza jambo la kazi anakuangalia kwanza kama mtu aliyeulizwa jina la mama yake. Chombo chake kilikuwa taa ndogo ya kupimia, balbu yenye nyaya mbili, aliyoachiwa na fundi aliyemfundisha. Taa ikiwaka vizuri, waya ni mzima. Ikiwaka kwa uvivu, waya umeoza ndani: ukate, vuta umeme mpya moja kwa moja toka betri. Malori ya zamani aliyafufua hivyo miaka yote.

Asubuhi ile mkwe wake alipiga simu toka kijiji cha upande wa Kabambare. Djamila, binti wa pekee wa Bulaimu, alikuwa na uchungu tangu jana, na mtoto alikuwa amekingama tumboni. Muuguzi amesema akapasuliwe Kasongo, tena upesi. Na kwa pikipiki, kwenye matope yale, nani atamshikilia?

Nourdine, mfanyabiashara jirani, hakungoja kuombwa. Alitoa gari lake la kisasa, lile lenye kompyuta ya injini. Shida ni kwamba siku zile lilikuwa linawaka vizuri, lakini ukikanyaga pedali ya mwendo, wapi! Linanguruma kidogo tu, haliondoki.

"Fundi, iko na nini?" Nourdine aliuliza.

Bulaimu alishalala chini ya usukani. Alijua ni kapteri, kile kidude kinachoiambia kompyuta umekanyaga kiasi gani. Akagusisha taa yake kwenye waya unaokilisha. Taa ikawaka nyekundu, hafifu.

"Hii waya imekufa."

"Si utumie ile mita ya Kamaldine?"

Kamaldine, fundi mwenzake wa Kindu, alikuwa amemletea mita ya kusomea volti. Ilikuwa sandukuni, hata nailoni yake haijatolewa.

"Nourdine, mimi nilianza hii kazi weye ukingali unakojoa kitandani. Mutoto wangu iko anakufa kule, mimi nikae hapa kusoma namba?"

Haya basi. Akakata waya, akavuta mwingine toka betri, akaufunga tepu vizuri kabisa. Nourdine akazungusha ufunguo. Injini ikakohoa, ikanyamaza. Kisha ikaja harufu ya plastiki inayoungua, toka kwenye kisanduku cha kompyuta.

Walijaribu, wakajaribu tena. Gari kimya. Ndipo Bulaimu akampigia Kamaldine, na sauti ilikuwa imeshamshuka.

"Umeipa kumi na mbili za betri?" Kamaldine alipiga kelele. "Ya Rabi! Kapteri inakula volti tano, mukubwa, tano tu! Taa kuwaka kidogo ndiyo uzima wake. Umechoma kompyuta. Uliangalia masi?"

Masi ni waya unaorudisha umeme kwenye chuma cha gari. Bulaimu akaufuata mpaka kwenye bolti yake. Kutu tupu. Kipande cha msasa tu, muda wa kunywa chai, na gari lingekuwa njiani. Akakaa chini pale pale kwenye matope.

Djamila aliletwa kwa pikipiki, amebanwa kati ya dereva na mumewe. Walifika jua likiinama. Yeye madaktari walimwokoa. Mtoto, wa kiume, alitoka hana uhai.

Watu walijaa hospitalini. "Ni mipango ya Mungu, Bulaimu. Gari ilikuwa mbovu, ungefanya nini?" Kila pole ilimchoma. Aliitikia, akaitikia, mpaka ikamshinda. Akaingia kwa binti yake, akavuta kiti karibu na kitanda.

"Djamila. Gari ilikuwa na shida ndogo tu. Ni mimi niliiua. Niliambiwa nipime na mita, nikakataa, kiburi tu. Ungefika mapema, mwanangu."

Djamila alimwangalia, macho makavu.

"Umuambie na bwana yangu," akasema. "Tangu njiani anasema mutoto akikufa ni mimi nimemuua, eti nilichelewa kusema naumwa."

Bulaimu akainuka, akatoka nje kumtafuta mkwe wake. Mkwe alikuwa amesimama katikati ya wale wote waliokuja kutoa pole.