Tiketi ya Pili

Mzee niliyekuwa nikimhudumia hakunialika kwenda kusikiliza muziki. Alinipeleka kwa sababu hangeweza kwenda peke yake, na kwa sababu mwanawe wa pekee alikuwa amekataa kata kata kuketi ukumbini jioni nzima akisikiliza vitu ambavyo, kwa maneno yake, havina mwanzo wala mwisho.

Kazi hiyo niliipata baada ya kumaliza kozi ya kuhudumia wagonjwa nyumbani, katika chuo kidogo cha katikati ya jiji. Mzee alikuwa Mhindi, amefiwa na mkewe. Maisha yake yote aliuza vitambaa Biashara Street, mpaka kiharusi kilipompiga upande wa kushoto, akaacha duka mikononi mwa mwanawe. Aliishi Westlands na mwanawe huyo na mkaza mwana. Mimi niliamka Riruta kila asubuhi, nikamwacha mume wangu akijitayarisha kwenda ofisi ya serikali alikokuwa karani, nikaenda kumwogesha mzee, kumlisha, kumnyoosha mkono uliokauka. Aliniita Sista, kama wanavyoita wengi mtu yeyote aliyevaa aproni ya rangi ya samawati. Nami nilimwita Mzee.

Kila baada ya miezi michache, Jumapili alasiri, kulikuwa na tamasha la okestra na kwaya katika ukumbi mmoja wa mjini. Mzee na mkewe walikuwa wakihudhuria matamasha hayo tangu wakiwa vijana. Mkewe alipokufa, aliendelea kununua tiketi mbili, na juu ya kiti cha pili akawa anaweka koti lake. Baada ya kiharusi, kiti hicho kikawa changu.

Mara ya kwanza nilivaa gauni langu la kanisani. Mlangoni alikuwapo msichana wa kupokea tiketi, ameshika taa ndogo. Aliangalia kiti cha magurudumu cha mzee, akaniangalia mimi, akasema kwa adabu kwamba wasaidizi hungojea nje na madereva, kuna benchi. Nilikuwa tayari nimegeuka. Mzee akainua mkono wake mzima.

"Huyu iko na tiketi," akasema.

Msichana alirudia kwamba ndivyo wanavyofanya siku zote.

"Iko na tiketi yake. Soma."

Alisoma, akatupisha. Tuliwekwa pembeni mwa safu ya katikati, mahali pa kiti cha magurudumu, na mimi kando yake. Sikudumu. Kabla ya kipande cha kwanza kuisha nilikuwa nimelala fofofo, nikazinduliwa na makofi, nami nikapiga yangu wakati wenzangu wameshanyamaza. Nilidhani atakasirika. Aliniambia tu kwamba hata yeye zamani alikuwa akilala, na mkewe alikuwa akimpiga kiwiko.

Nilipokuwa macho niliangalia watu. Walikuwapo Wazungu wengi wenye umri, Wahindi kadhaa waliomjua mzee na kumsalimia kwa mbali, na Waafrika wenzangu wenye magari, wamekuja na watoto wao wanaofundishwa vayolini. Mtu wa mtaani kwetu sikumwona. Kisha kwaya ikaingia jukwaani, wanawake wamevaa nguo nyeusi ndefu, na katika mstari wa pili nikamtambua mama mmoja wa kanisa letu la Riruta. Huyo ana kibanda cha mapazia ya mitumba pale Dagoretti Corner. Hata pazia la sebuleni kwangu nilinunua kwake. Sasa amesimama wima, ameshika kitabu cha muziki, anaimba Kilatini.

Jumapili iliyofuata nilimwandama baada ya ibada. Alicheka kusikia kwamba nilikuwa nimeketi ndani. Nilimuuliza ni nani wa kwao huenda kumsikiliza. Akasema mumewe alikwenda mara moja, akaona zile nguo nyeusi akadhani ni matanga, akatoka wakati wa mapumziko na hajarudi. Nikamuuliza kama hilo humuumiza. Alisema taa za jukwaani hupiga machoni, mtu ukiwa kule juu huoni nani amekuja na nani hakuja.

Basi tukawa tunaenda, mzee na mimi. Sitadai kwamba niliuelewa ule muziki. Hakuna aliyenifundisha, na mzee mwenyewe hakuwa na maneno ya kuueleza. Kilichonivuta kwanza ni kwamba pale ndani, kwa muda mrefu kuliko siku yoyote ya juma, hakuna mtu aliyeniita. Mikono yangu ilikaa mapajani. Nilikuwa nimesahau jinsi mikono inavyokuwa mizito ikiachwa bila kazi. Halafu siku moja kulikuwa na selo, ile kubwa inayoshikwa katikati ya magoti, ikipigwa polepole peke yake, na ghafla nilimkumbuka mama yangu kule Makueni akisaga mahindi, akiguna kidogo kila anaposukuma jiwe bila kujua kwamba anaguna. Mama alikuwa amekufa mwaka niliohamia Nairobi. Sikulia. Nilikaa tu hivyo nikimsikia.

Nilijaribu kumweleza mume wangu jambo hilo. Yeye alilalamika kwamba Jumapili zangu zinaliwa. Akanisikiliza mpaka mwisho, kwani si mtu wa kumkata mwingine kauli, kisha akasema, "Watu kama sisi hawaendi huko. Hata wewe huendi, unapelekwa. Ile ni kazi."

Ilikuwa kweli.

Tamasha letu la mwisho lilikuwa karibu na Krismasi. Juma hilo tumbo la mzee lilikuwa limeharibika kwa sababu ya dawa mpya. Nilimshauri tubaki nyumbani. Alikataa. Nikamletea daipa, zile za watu wazima alizokuwa akivaa usiku, akaweka kiganja chake juu ya suti iliyotandazwa kitandani. Suti hiyo ya kijivu alishonewa na fundi wa dukani kwake, kitambaa kimechaguliwa na mkewe.

"Na suti hapana, Sista," akasema. "Na suti hapana."

Mkaza mwana alikuwa mlangoni. Alinitaka nimvalishe daipa tu, eti hatajua. Nikamwambia kwamba anajua. Nilimvalisha suti bila daipa, nikatia nguo za kubadilisha na vitambaa vya kupangusia katika mkoba wangu, tukaondoka. Hata leo, aliyemtaka mtu huyo apite kati ya safu za watu wa rika lake akiwa amefungwa kama mtoto mchanga, mimi sikubaliani naye.

Nusu ya kwanza ilipita salama. Katika nusu ya pili kwaya ilikuwa imesimama, na muziki umefika mahali ambapo wote huimba kwa sauti ya chini kabisa, kiasi kwamba mtu akifungua pipi unamsikia. Mzee akanishika kifundo cha mkono. Alikuwa na nguvu katika mkono ule mzima. Nilijua kabla harufu haijanifikia.

Niliinama, nikamnong'oneza kwamba twende.

"Ngoja imalize," akasema.

Mama aliyekuwa mbele yetu aligeuka, akatuangalia, akavuta skafu yake mpaka puani. Nyuma yetu mtu alikohoa kikohozi cha kusudi. Mmoja wa wale Wahindi waliokuwa wakimsalimia mzee alisogeza kiti chake, kisha akainuka na mkewe wakaenda kusimama ukutani. Mzee alikuwa akitazama mbele. Punde yule msichana wa tiketi akaja akiwa ameinama, akaniambia sikioni kwamba watu wanalalamika, tafadhali nimtoe mzee.

Nilimtoa. Gurudumu moja la kile kiti lilikuwa na mlio ambao sikuwahi kuusikia barabarani, na wakati ule ukumbi mzima uliusikia. Nilimtazama yule mama wa mapazia jukwaani. Macho yake yalikuwa kwa kiongozi wao, mdomo umefunguka, anaimba.

Choo kilikuwa na mlango mwembamba, kiti hakikupita. Msichana alihangaika, akatufungulia stoo nyuma ya ukumbi iliyojaa viti vibovu na mapazia makuukuu ya jukwaa. Hakuwa mtu mbaya. Alileta ndoo ya maji, kisha akaenda kusimama mbali. Nilitandika pazia sakafuni, nikamshusha mzee, nikamvua suruali. Uchafu ulikuwa umefika mpaka kwenye soksi. Nikaufunga mlango ili nianze kumsafisha.

"Fungua," akasema.

"Mzee, watu watakuona."

"Fungua. Hiyo ndiyo mwisho."

Nikaufungua. Muziki ukaingia, kwaya yote sasa na tarumbeta, kama kwamba tuko nao chumba kimoja. Mzee alilala chali juu ya pazia, miguu yake myembamba iko wazi, nami nimepiga magoti nikimpangusa kwa maji baridi. Dereva mmoja aliyekuwa akitafuta choo alipita, akaona, akageuza uso akarudi alikotoka. Sijui kama mzee alikuwa akilia. Jicho lake la kushoto lilikuwa likichuruzika siku zote tangu apate kiharusi. Alifumba macho mpaka tarumbeta zikanyamaza na watu wakaanza kupiga makofi.

"Sasa funga," akasema.

Tulipofika nyumbani mwanawe alikuwa ameshapigiwa simu na mtu wa jamii yao. Alizungumza na baba yake kwa lugha yao, sauti haikupanda sana. Kisha akanigeukia akasema hakuna kwenda tena. Mkaza mwana akanikumbusha kwamba alikuwa ameniambia. Ile suti niliiloweka kwenye beseni nikikusudia kuifua asubuhi, lakini niliporudi asubuhi ilikuwa imetiwa katika mfuko mweusi wa taka na imekwenda. Mzee aliiulizia kwa majuma mengi. Aliambiwa iko kwa dobi. Mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo, nikanyamaza, naye akaniangalia akaacha kuuliza.

Mwanawe hakuwa mkatili. Alinunua spika kubwa, akamwekea katika simu muziki ule ule, ukipigwa na watu wa Ulaya wanaosifika. Alimwonyesha mzee kwa fahari. Sauti ilikuwa safi kupita ile ya ukumbini. Mzee alisikiliza kidogo, akaniambia nizime.

"Hakuna watu ndani," akasema. "Hakuna mtu anakohoa."

Baada ya hapo alikataa kutoka hata kwenda kuota jua barazani. Chakula akawa anakiachia mdomoni, mpaka nikitoe kwa kidole. Alikufa mvua za masika zilipokuwa zimeshika, hospitalini, mwanawe na mimi tukiwapo. Siku ya kumchoma nilikwenda, nikakaa nje ya lango na wafanyakazi wa duka, kwa kuwa sikujua desturi yao inaruhusu nini. Mvua ilikuwa nyepesi. Moshi haukupanda, ulilala juu ya ukuta.

Mwanawe alitoka baadaye, amevaa nyeupe, akaja moja kwa moja nilipokuwa. Nilidhani anataka kunilipa. Alisimama akitazama viatu vyake.

"Sista, baba alikuwa anapata nini kule?"

Nilimwambia sijui. Kisha, kwa sababu alikuwa bado anangoja, nikasema, "Nafikiri alikuwa anakaa na watu."

"Na sisi si watu?"

Nilitafuta neno la kumpa. Mtu aliyetoka kumchoma baba yake hustahili neno, lakini sikulipata, na yeye akatikisa kichwa taratibu kama aliyejibiwa, akaingia garini.

Sasa nafanya kazi Mountain View, kwa bibi mmoja wa Kikamba aliyevunjika nyonga. Tunazungumza lugha yetu, na muziki wake ni nyimbo za kanisa redioni. Yule mama wa mapazia alisikia habari za mzee, akanipa tiketi moja bure, akaniambia safari hii niende mwenyewe, si kazini. Mume wangu hakunizuia. Alinipigia pasi lile gauni, jambo ambalo halifanyi mara nyingi, akaniuliza nitarudi na gari la saa ngapi.

Msichana wa mlangoni alikuwa mwingine. Alichukua tiketi yangu bila kuniangalia. Nilipewa kiti katikati ya safu, watu kulia na kushoto, na hakuna aliyejali niko pale au siko. Nilikuwa nimetamani jambo hilo hasa. Lakini kila mtu alipokohoa nilishtuka nikageuka, kila palipotokea kimya nilijikuta nanusa hewa. Mikono yangu ilikataa kutulia mapajani. Walipofika kwenye ile sehemu ya kuimba kwa sauti ya chini, niliinuka, nikaomba radhi goti kwa goti mpaka mwisho wa safu, nikatoka.

Nje madereva walikuwa wameketi kwenye benchi lao. Walinisogezea nafasi bila kuuliza, nikaketi mpaka moyo ukatulia, kisha nikaenda kutafuta gari la Riruta.

Yule mama bado anaimba. Tukikutana kanisani huniambia lini kuna tamasha jingine, na mimi humwambia kwamba Jumapili hiyo niko kazini. Mume wangu aliwahi kuniuliza mbona siku hizi sizungumzi tena juu ya ile selo. Nilimwambia kwamba alisema kweli, sisi hatuendi huko. Hakufurahi kuambiwa hivyo. Akaenda kufunga geti.