Beringi ya Mwisho ya Kalume

Saa nne asubuhi, mtaa wa Kadutu. Sufuria ya mawese inachemka taratibu juu ya makaa, mlangoni mwa kibanda cha mashine ya kusaga. Akina mama wenye beseni za mihogo mikavu wamesogea wakidhani kuna maandazi. Hakuna maandazi. Ndani ya mafuta imezama beringi, ile pete ya chuma yenye gololi inayoshika shafti ya mashine.

"Papa Kalume, unatutesa na hii harufu," analalamika Cibalonza, aliye mbele ya foleni. "Sisi tuko na njaa."

Kalume, fundi wa hapa tangu ujana wake, hacheki. Anaiopoa beringi kwa koleo na kuivisha kwenye shafti. Moto umeitanua, kwa hiyo inateleza hadi mwisho bila nyundo. Ikipoa itabana. Mafuta ya injini yangefaa zaidi, lakini mjini hayapatikani siku hizi.

Hii ndiyo ya mwisho. Imeng'olewa kwenye mashine ya pili, ambayo imekuwa ikiliwa kipande kipande tangu mwaka 1973, Mgiriki aliyekuwa mwenye mashine aliponyang'anywa mali hii na serikali, ikagawiwa raia mmoja mwenye marafiki wazuri. Beringi hii ikifa, Kalume hana kazi. Watoto wake sita watakosa hata ule unga wa kufagia sakafuni, ambao ndio sehemu kubwa ya mshahara wake.

Iliyotangulia haikufa kwa uzee. Jumamosi iliyopita ilipata moto kupita kiasi, akazima mashine ipumzike. Yule raia, mwenye mali sasa, akafika, akaona foleni imekwama, akaamuru beringi imwagiwe maji na kazi iendelee. Kalume alijua kitakachotokea. Maji hupoza pete ya nje ya beringi ikasinyaa, huku ya ndani bado imevimba kwa moto, na gololi hukosa nafasi ya kuzunguka.

"Nilijua," anasema, akitazama mikono yake. "Patron akasema mwanga mayi. Nikamwanga. Ile roulement ikalia sana, kisha ikapasuka."

Mbele ya foleni nzima, bosi akatangaza kwamba fundi aliifunga vibaya. Hakuna aliyembishia, hata Kalume mwenyewe. Inachefua kulisikia hilo, na inachefua zaidi kwamba halimshangazi mtu yeyote hapa.

Mashine inanguruma. Kalume ameweka kiganja juu ya chuma kinachofunika beringi. Joto likimshinda atazima, foleni ipende isipende.

"Na bosi akija tena?" anauliza Cibalonza. Kalume anacheka kwa mara ya kwanza, kicheko kikavu, na kuonyesha ndoo ya bati pembeni. Kitako chake kimejaa matundu.

"Nimeitoboa na musumari."

Cibalonza anamkumbusha kwamba ndoo nyingine zimejaa Kadutu nzima.

"Ziko," anajibu Kalume, kiganja bado juu ya chuma. "Lakini mayi ya ile ingine atamwanga yeye. Siyo huu mukono."