Dada Yangu na Kofia
Dada yangu ana ualbino, na kwa miaka mingi alikataa kofia kwa sababu inaharibu msuko. Alianika dagaa ufukweni kichwa wazi, akituita sisi waoga wa jua. Kisha kidonda cha sikioni kikagoma kupona, nikavuka naye kwa kivuko hadi hospitali, Sengerema.

"Ngozi yako haina rangi ya kuikinga," daktari alimweleza. "Jua linaharibu vinasaba ndani ya seli. Mwili hurekebisha, lakini ukizidiwa, seli huzaliana ovyo. Hiyo ndiyo saratani."

"Sasa daktari, na msuko wangu?"

Daktari alicheka, akakiondoa kidonda kabla hakijaenea. Siku hizi dada anavaa kofia pana mno, hata kanisani tunaokaa nyuma yake hatumwoni padri.